Miaka Niliyotafsiri Mrengo wa Kushoto

Vijana wangu, juzi mlipokuja nyumbani na simu zenu za kurekodi, mlinikuta kwenye migomba nimeshika panga, jasho linanitoka. Yule mwenzenu mwenye miwani akaniuliza, "Mzee Zakaria, ilikuwaje chama cha mrengo wa kushoto kikakubalika huku kwetu, mahali ambapo watu wanapigia kura ukoo na kilo ya sukari?" Nikamjibu, "Kwa bidii na maombi." Mkashukuru, mkanywa chai, mkaenda zenu. Lango lilipofungwa tu, mke wangu akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza.

"Bidii na maombi! Hata mheshimiwa aliyeshindwa anaweza kujibu hivyo."

Alisema kweli. Kwa hiyo nimekaa chini niwajibu inavyostahili, na mtanisamehe nikirukaruka, kwa maana mambo hayanijii kwa mpangilio.

Kwanza mjue kwamba mimi sijawahi kugombea chochote, hata uenyekiti wa kamati ya maji. Riziki yangu ilitoka kwenye duka langu la mabati na misumari pale Masimba. Kazi ambayo watu wananijua kwayo ni ukalimani. Nilisimama kando ya mtu anayehutubia, nikageuza Kiswahili chake kiwe Ekegusii, lugha yetu ya huku Kisii, sentensi kwa sentensi, kwenye mvua na kwenye jua.

Mtaniuliza, mkalimani wa nini, na kila mtu amesoma Kiswahili shuleni? Wengi wanakielewa, ndiyo. Lakini kwetu Kiswahili ni lugha ya ofisi na ya askari. Mtu anakisikia vizuri, halafu anasubiri lugha ya nyumbani ndipo aamue kama amekubali. Na wazee ukiwahutubia bila mkalimani wanaona kama umepita mbele yao bila kusalimia.

Kazi hii nilifundishwa kanisani, kule kilimani Nyanchwa, na Mzee Ombati, aliyetafsiri mahubiri ya wageni kabla sisi hatujazaliwa. Alikuwa mfupi, sauti yake kubwa kuliko mwili. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi mhubiri mmoja mnene kutoka mbali, mtu asiyetulia, anahubiri huku anatembea kutoka ukuta hadi ukuta. Mimi nikadhani kazi ya mkalimani ni kumfuata. Nikamfuata na kipaza sauti changu, waya nyuma. Alipogeuka, nikageuka. Tulipofika kwenye habari za kuokoka, waya ulikuwa umezunguka meza ya maua mara kadhaa, na mguu wa mhubiri ulikuwa ndani. Meza ikaanguka, maua yakaanguka, mhubiri akanishika shati asianguke. Waumini wakasema amina kwa sauti kubwa sana.

Mzee Ombati hakunigombeza. Baada ya ibada alininunulia soda, akasema, "Zakaria, simama mahali pamoja. Watu wakitaka kumwona mgeni watamtazama mgeni. Wakitaka kuelewa watakutazama wewe, na lazima wakupate." Halafu akanipa sheria iliyonibeba maisha yangu yote: "Sema alichosema. Akisema vizuri, sema vizuri. Akiharibu, haribu vilevile. Ukianza kumtengenezea, hao watu hawatamjua kamwe, watakujua wewe." Mzee huyo alishatangulia, na mpaka leo sijampata mwalimu wa kumzidi.

Sasa niwaeleze Komredi Salim. Alikuwa mtu wa Mombasa, mrefu, mwembamba, amefanya kazi bandarini miaka mingi kabla ya kuingia siasa. Alikuja Masimba siku moja na vijana wawili na spika iliyofungwa kwenye paa la gari kwa kamba ya katani. Mkalimani aliyeahidiwa hakutokea. Mtu akamwonyesha duka langu akasema, "Yule wa mabati hutafsiri kanisani." Salim akaja, akanisalimia kwa adabu kama amekuja kuoa.

"Mzee wangu, nitakusumbua nusu saa tu."

Nusu saa hiyo ilichukua takriban miaka kumi.

Chama chao kilikuwa na jina refu la wakulima na wafanyakazi na haki na mambo mengine mengi. Watu wa kwetu wakaliangalia jina, wakaangalia alama iliyochorwa, kikapu cha kuchumia chai, wakakiita Chama cha Kikapu. Jina refu likabaki Nairobi.

Siku hiyo ya kwanza Salim alisimama akasema kwa Kiswahili chake kitamu cha pwani, "Ndugu zangu, sisi ni mrengo wa kushoto!"

Nikatafsiri. Nisingeweza kusema mrengo, kwa kuwa kwetu bawa ni la kuku. Nikasema, sisi ni watu wa mkono wa kushoto. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akainua fimbo.

"Kijana, hapa karibu sote ni watu wa kanisa. Tunajua siku ya hukumu kondoo watawekwa upande gani na mbuzi upande gani. Sasa mnatuomba tukasimame na mbuzi?"

Nikamtafsiria Salim. Akajaribu kueleza: akaingia kwenye habari za bunge la zamani la Ulaya, nani aliketi wapi. Kisha akawataja mabeberu. Mzee yuleyule, anayejua Kiswahili cha sokoni, akauliza beberu mmoja anauzwa vipi. Watu wakaangua kicheko, wakaanza kutawanyika. Hapo mwanamke mmoja aliyekuwa amesimama pembeni na kikapu mgongoni akasema kwa Ekegusii, wala hakuinua sauti:

"Chai huchumwa kwa mikono yote miwili. Wa kulia ndio tunaosalimia nao watu, na ndio unaosifiwa. Wa kushoto nao umechoka. Nadhani huyu mgeni anazungumzia ule uliochoka."

Nikamtafsiria Salim polepole. Akanigeukia. "Muulize anaitwa nani."

Aliitwa Moraa. Mkulima wa chai upande wa Nyamira, mama wa watoto watatu, shemasi kanisani kwao. Alikuwa Masimba kumtembelea dada yake, basi. Lakini tangu siku hiyo, Salim hakutaja tena bunge la Ulaya. Kila mkutano alianza na mkono uliochoka, na kila mara alisema, "Nimefundishwa na Mama Moraa."

Vijana, kuna jambo la ufundi hapa. Neno likigoma, usilisukume. Livue koti uliangalie linafanya kazi gani, ndipo utafute mwenzake kwa lugha yako. Ndivyo tulivyopata neno la usoshalisti. Nilihangaika nalo miezi. Siku moja, tukiwa jikoni kwa Moraa tukila ugali na mboga ya chinsaga, Salim akauliza, "Hapa kwenu mtu akiwa na shamba kubwa la kupalilia na hana nguvu, anafanyaje?" Moraa akamweleza egesangio: majirani wanapanga zamu, leo wote kwangu, kesho wote kwako, na mjane naye analimiwa zamu yake hata kama hawezi kurudisha kazi nyingi. Salim akaweka tonge chini.

"Basi ndiyo hiyo. Sasa fikiria kiwanda cha chai kiendeshwe hivyo. Na hospitali. Na barabara."

"Mbona hukusema mapema?" Moraa akamuuliza. "Umetusumbua na lile neno lako mwaka mzima."

Yako pia yaliyotushinda. Mnajua katika Ekegusii baba maana yake ni mama, na baba mzazi tunamwita tata. Salim hakujua. Akasimama mahali fulani akapaza sauti, "Chama hiki hakina baba!" Alikusudia kusema hakina mwenyewe, hakimilikiwi na tajiri. Mimi nikatafsiri barabara, hakina tata. Lakini akina mama wa mbele walikuwa wamekwisha kumsikia kwa masikio yao. Mmoja akasimama amekasirika kabisa. "Kama hakina mama, kinanyonya wapi?" Ilibidi nieleze lugha mbili kwa wakati mmoja, huku Salim akinivuta mkono akiuliza, "Wanasemaje? Wanasemaje?" Alipoelewa alicheka mpaka machozi, na baadaye akaligeuza kuwa hotuba. Alikuwa anasema, "Chama hiki hakina tata. Lakini baba kinao wengi, ndio hawa," na anawaonyesha wanawake. Wanawake walimpenda kwa hilo.

Uchaguzi wa kwanza tulishindwa. Tulimsimamisha mwalimu mmoja mstaafu, mtu mwema, mwenye maneno magumu. Ukoo mkubwa ukampa kura mtoto wake, nasi tukarudi nyumbani na spika yetu. Lakini tulijifunza. Tulijifunza kutoitisha mkutano Jumamosi, siku ya Sabato, wala Jumapili ya Wakatoliki. Siku nzuri ni ya katikati ya wiki, alasiri, pale kwenye kituo cha kupimia chai, baada ya kilo kupimwa na kabla lori la kiwanda halijafika. Lori lilikuwa linachelewa sana. Watu wanasubiri, na mtu anayesubiri husikiliza. Wakati mwingine mvua inawanyeshea wote, kina mama wajawazito na wazee, hakuna paa wala choo. Hapo huhitaji hotuba ndefu. Unauliza tu, "Hiki kituo ni cha nani?"

Ndipo tukamwomba Moraa agombee wadi. Alikataa mara ya kwanza, akasema hajui kuhutubia. Akakataa tena, akasema ameolewa kwenye ukoo mdogo. Halafu jirani yake akajifungua kwenye foleni ya chai, kwenye mvua, juu ya magunia. Mtoto alipona, na mama pia, lakini Moraa ndiye aliyemshika yule mtoto. Alikuja dukani kwangu siku iliyofuata.

"Mwambie Salim nimekubali. Lakini nitasema Ekegusii, na nitasema kidogo."

Sasa nifike Keroka, kwa maana ndiko kila kitu kilipokaribia kuvunjika.

Ilikuwa siku ya soko, adhuhuri, wiki chache kabla ya kura. Keroka mnaijua, upande huu wa barabara Kisii, ng'ambo Nyamira, malori yanapita katikati. Tulisimama juu ya lori la mchanga: Salim, Moraa na mimi. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Lakini kwa wiki nzima maneno yalikuwa yameenezwa kwamba sisi ni wakomunisti, tukishinda tutafunga makanisa. Na vijana fulani walikuwa wameletwa wapige kelele. Kila Salim akifungua mdomo, wanaimba, "Mungu wenu ni nani? Mungu wenu ni nani?"

Salim alikuwa amechoka. Alikuwa amelala kwenye gari siku kadhaa na kikohozi hakimwachi. Nilimwona mshipa wa shingo ukisimama. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili akasema:

"Hao wachungaji wenu ndio waliowafumba macho!"

Nusu ya watu walielewa palepale. Nusu nyingine wakanigeukia mimi.

Vijana, mimi ni shemasi. Mke wangu alikuwa mle kwenye umati. Nilijua naweza kulipaka sukari, niseme wanasiasa wamewafumba macho, na nusu ya watu wasingejua. Nilijua pia nikilisema kama lilivyo, Moraa ameshindwa. Nikamwona Mzee Ombati kichwani mwangu na soda yake. Nikalisema kama lilivyo. Na kwa Ekegusii liliuma zaidi.

Parachichi bovu likapiga spika. Mama mmoja wa mbele kabisa, anaitwa Nyaboke, muuza ndizi, akajifunga leso vizuri, akabeba karai lake, akageuka kuondoka. Wengine wakamfuata. Wale vijana wakashangilia.

Moraa hakuchukua kipaza sauti. Alishuka kutoka kwenye lori, pamoja na urefu ule wa lori na sketi yake, akaruka, akaenda mpaka kwa Nyaboke akamshika mkono.

"Nyaboke, usiende bila kumjibu. Mjibu."

"Nimjibu nini? Huyo mtu wenu ametukana."

"Basi mwambie ametukana. Zakaria atamwambia kwa Kiswahili."

Nyaboke akatua karai. Akamtazama Salim, akasema kwa sauti ya kutetemeka, nami nikazitafsiri sentensi zake kwenye spika, sasa kutoka Ekegusii kwenda Kiswahili, soko zima likisikia:

"Nyumba yangu iliungua. Mheshimiwa hakuja. Chama chako hakikuja. Mchungaji wangu alikuja na shati la kazi, akabeba mawe ya msingi kwa mabega yake mpaka yakachubuka. Watoto wangu wanalala kwenye nyumba hiyo. Huyo ndiye aliyenifumba macho?"

Nilipomaliza, hata wale vijana walikuwa wameacha kelele. Nilifikiri Salim atajibu kwa hoja, alikuwa na hoja nyingi. Akavua kofia yake.

"Mama, hapana," alisema. "Siye. Mimi nimelelewa bila baba. Maalim wa chuo cha Kurani mtaani kwetu ndiye aliyenilisha na kunivisha mpaka nikaweza kubeba magunia. Leo nimemtukana na yeye pia. Nimekosa. Nisamehe, mama. Mnisamehe nyote."

Sheria nyingine ya Mzee Ombati ilikuwa kwamba mgeni akilia, mkalimani asilie, maana nani atabaki kusema? Siku hiyo niliivunja. Niliyatafsiri maneno yale huku ninalia, yakatoka vipandevipande, lakini yalitoka. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona mwanasiasa akiomba msamaha juu ya lori, tena mchana, tena kwa muuza ndizi.

Nyaboke akajipangusa uso kwa ncha ya leso. "Sawa," akasema. "Tumesikia. Sasa mwambie aache habari za kanisa, aongee habari za chai."

Watu wakacheka, cheko la watu waliokuwa wamekaza misuli. Waliokuwa wameondoka wakarudi. Moraa hakupanda tena kwenye lori. Alisimama palepale chini kando ya karai la ndizi, nikamrushia kipaza sauti, akaeleza egesangio, na foleni ya chai, na mtoto aliyezaliwa juu ya magunia. Alisema kidogo, kama alivyoahidi. Hakuhitaji mtu wa kumtafsiria, nami nikapata nafasi ya kukaa kwenye ubao wa lori na kupumua.

Tulishinda wadi ile. Ilikuwa karibu karibu, lakini tulishinda, na kura zilitoka koo zote. Viti vikubwa tulivikosa. Uchaguzi uliofuata tukapata wadi nyingine mbili za ukanda wa chai, na ng'ambo ya Kericho wengine wakaanza kuuliza tunafanyaje. Leo nyinyi mnakiita vuguvugu. Sisi tulikiita Kikapu. Vituo kadhaa vya chai vina paa na choo sasa. Si mapinduzi, najua, mmeniambia juzi. Lakini yule aliyezaliwa kwenye foleni yuko shule, na mama yake akisubiri lori anakaa pakavu.

Nawashukuru watu wengi, na wengi hawatasoma hapa. Salim alirudi kwao Mombasa, kifua kinamsumbua, na bado hunipigia simu kunisalimia kwa Ekegusii kibovu anachojivunia. Nyaboke bado anauza ndizi, na nikipita lazima nionje. Namshukuru mke wangu, aliyeniambia kule Keroka jioni ile, "Umesema alichosema. Ningekuona vibaya kama ungedanganya." Sikuwa nimemuuliza.

Na mmeniuliza pia ni lini niliacha kazi. Hilo nalikumbuka vizuri.

Moraa alikuwa anatoa hotuba yake ya kwanza kwenye bunge la kaunti. Hoja yake ilikuwa ya vituo vya chai. Mle ndani sheria ni Kiswahili au Kiingereza, na yeye alikuwa amefanya mazoezi ya Kiswahili majuma mengi, akinipigia simu kuuliza neno hili na lile. Chama kikanituma nikae na wageni juu kwenye roshani, kando ya mama yake mzazi, bibi kizee aliyevaa gauni jipya na viatu vilivyombana. Yeye Kiswahili hakijui kabisa. Nilipewa kazi ya kumtafsiria.

Moraa akasimama. Akashika meza. Sentensi ya kwanza ikakwama, akaanza upya. Nikainama kwenye sikio la bibi nikaanza kazi: anamsalimu spika wa bunge, anasema anatoka kwa wakulima, anasema kuna mama alijifungua kwenye mvua. Kule chini sauti ya Moraa ikawa inapata nguvu. Nami nikaongeza kasi nisimpoteze.

Bibi akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu. Kilikuwa kigumu, cha mchuma chai.

"Nyamaza kidogo, mwanangu," akaninong'oneza. "Nataka kumsikia mtoto wangu."

Nikanyamaza. Tukakaa hivyo, mkono wake juu ya wangu, yeye haelewi hata neno moja na hataki kupitwa na hata moja, mpaka Moraa alipomaliza na watu wakaanza kupiga meza.